Birika Nililolikausha Mwezi wa Shaaban

Siku yangu ya kwanza kazini niliingizwa ndani ya birika. Sisemi birika la chai. Nasema birika la nyumba za kale za Malindi, kile chumba cha mawe na chokaa kilichojengwa kando ya ukuta wa uani, kirefu kuliko mtu, cha kuwekea maji ya mvua. Niliteremka kwa ngazi, miguu mitupu, leso nimeikaza kiunoni, mkononi nimeshika kumbi la nazi la kusugulia. Bi Msimamizi, mkuu wa kazi zote za nyumba ile, aliinama juu ya tundu na bunda lake la funguo likaning'inia.

"Sugua pembeni, mwanangu! Uchafu hukaa pembeni!"

Sauti yake ilizunguka humo ndani nikacheka peke yangu kama mwehu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimewaacha watoto wangu wawili kwa mama yangu Rabai, na kwetu vilimani maji niliyazoea ya kuteka kijitoni. Sikujua kwamba kuna watu wanaoyajengea maji nyumba yake, wakaipaka chokaa, wakaifunga kwa kufuli! Nilisugua mpaka mikono ikafa ganzi. Nilipotoka, nguo zimelowa chapachapa, Bi Msimamizi alichungulia ndani, akanusa, akasema, "Limetakata. Shaaban huu tumeliwahi."

Ilikuwa kweli mwezi wa Shaaban, ule unaotangulia Ramadhani, na nyumba zote za mtaa zilikuwa zinasafishwa kuukaribisha mfungo. Wiki mbili baadaye masika ilianguka. Maji ya mabatini yakashuka kwenye mlizamu, yaani mfereji wa paa, yakaingia birikani kwa kishindo, nami nikasimama uani chini ya mvua nikipiga makofi. Nikaweka moyoni kwamba birika huoshwa Shaaban, kisha mvua huja. Mimi ni Mkristo wa Rabai. Shaaban niliusikia kwa mara ya kwanza mwaka ule, na kwa kuwa mvua iliufuata nyuma, nilidhani ndio mwezi unaoileta.

Nyinyi mnaofanya kazi za majumba leo, mkiwa na sabuni za kila rangi na simu za kuwakumbusha, mtanicheka. Chekeni, wengine walinicheka kabla hamjazaliwa. Ila mjue kwamba kazi yetu haikuwa kufagia. Kufagia kila mtu anajua. Kazi ilikuwa kujua lini. Chokaa ukilipaka wakati wa jua kali, linakauka kabla halijashika na baada ya mwezi linabanduka maganda maganda. Makuti ya paa la jikoni ukiyabadilisha mawingu yakishatanda, umewafungulia watu mvua juu ya vyungu. Bawaba za milango usipozipaka mafuta ya nazi kabla ya upepo wa kusi, ukungu wa chumvi unazila mpaka mlango unalia kama mbuzi. Kila kitu kina wakati wake, na wakati wenyewe haukungoji.

Nilikaa nyumba ile miaka miwili. Mwaka wa pili tuliosha birika Shaaban vilevile, na mvua ikachelewa kidogo kuliko nilivyotazamia. Sikujiuliza kwa nini. Kisha nikapata kazi Kilifi, kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa Mnarani, ng'ambo ya kusini ya mlango wa bahari, na nikaenda mbio kwa sababu mshahara ulikuwa mzuri na vyumba vilikuwa ishirini.

Huko mkubwa wangu aliitwa Meneja. Alitoka bara, amevaa tai hata wakati wa joto, na alipenda karatasi kuliko chakula. Ukutani mwa stoo alibandika ratiba ya usafi, ambamo mwezi wa kwanza haukutofautiana na wa saba. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi magodoro yote yatolewe nje yaanikwe juani.

"Na kukiwa na mvua, bwana?" nilimwuliza.

"Ratiba ni ratiba, Kadzo."

Ijumaa moja ya katikati ya masika tuliyatoa magodoro ishirini. Palikuwa na jua, kweli, lile jua la uongo la masika. Dakika kumi hazikutimia. Lo! Tulikimbia na magodoro vichwani, wageni wanatupiga picha, na Meneja mwenyewe yuko mbele ameshika godoro huku na huku, tai imemlowa. Nilicheka hadi nikakaa chini. Lakini siwezi kumkosea haki Meneja. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kazi ikiandikwa haibebwi kichwani, na kwamba mtu akija mpya asome ukutani asiulize. Miaka mitano nilikaa naye, nikaondoka na mwandiko mzuri na rula.

Bi Msimamizi alipozeeka na kurudi kwao Ngomeni, Bi Mkubwa mwenye nyumba alituma niitwe. Alikuwa mwanamke wa ukoo wa zamani wenye mashamba ya minazi, mfupi, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akaweka bunda la funguo mbele yangu juu ya meza. Funguo kumi na moja! Stoo, ghala, kabati la vyombo vya arusi, kufuli la birika. Katika nyumba ile hapakuwahi kuwa na msimamizi aliyetoka vilimani. Nilipopeleka habari nyumbani, mama yangu alichinja kuku na kuwaita majirani, na mimi nikalala na funguo zile chini ya mto kwa wiki nzima.

Basi kazi yangu ya kwanza nikaona niandike ratiba. Nilichukua karatasi kubwa, nikapiga mistari kwa rula, nikajaza yote niliyoyakumbuka. Na katikati, kwa herufi kubwa za wino mwekundu, nikaandika: SHAABAN – BIRIKA. Nikaibandika ukutani jikoni nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama. Nilijiona meneja.

Mwaka huohuo mjukuu wa Bi Mkubwa, Rukia, aliposwa. Nilimjua tangu ana miaka kumi na mitatu, akija kunichungulia birikani na kunirushia maganda ya machungwa. Arusi iliwekwa Shaaban, kama watu wa Pwani wanavyopenda kuoza mabinti kabla ya mfungo. Mwezi ulipoandama, Bi Mkubwa alisafiri kwenda Mombasa kwa siku nne kununua vitu vya bibi arusi, akaniachia nyumba. Nilisimama mbele ya ratiba yangu. Shaaban, birika. Nikawaita wenzangu wawili, nikafungua kufuli, nikang'oa kizibo cha chini.

Maji yalitoka kwa nguvu kama yaliyokuwa yakisubiri. Birika lilikuwa limejaa karibu pomoni, na hilo lingetosha kunishtua, maana mwaka wangu wa kwanza tulikuta maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu tu. Mimi nikafurahi nikasema safari hii uchafu utaondoka wenyewe. Migomba ilikunywa, njia ya nyuma ya nyumba ikawa mto, watoto wakaja kuogelea. Tukasugua, tukapaka chokaa, na siku ya tatu birika linang'aa kama bakuli la kaure. Jua lilikuwa linawaka na upepo wa kaskazi unavuma mkavu, wingu hata la kufutia macho hamna. Nikajisemea, yatakuja tu, Shaaban umeshaingia.

Bi Mkubwa aliporudi, nilimshika mkono nikampeleka uani. Nilitaka aone mwenyewe. Alichungulia. Akatazama mbinguni, akanitazama mimi, akachungulia tena.

"Kadzo. Maji ya vuli yako wapi?"

"Tumeyamwaga, Bi Mkubwa. Ni Shaaban."

"Ni Shaaban," akasema polepole. "Na mvua i lini?"

Alikaa juu ya kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, na badala ya kupiga kelele akaanza kunieleza, na hilo lilinitesa zaidi. Mwezi wa Shaaban hufuata mwandamo, akasema, na mwaka wa mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja. Kila mwaka Shaaban hutangulia mbele kidogo. Nilipoanza kazi uliangukia mlangoni mwa masika. Miaka saba imepita, umekimbia miezi miwili na nusu, umeangukia mwanzo wa kaskazi. Maji niliyoyamwaga ni ya vuli, yaliyotoka kuingia birikani, ya kuivusha nyumba mpaka masika. Na arusi ilikuwa baada ya siku nane. Kisima cha uani kilikuwepo, lakini maji yake ni ya chumvi. Ukiyapikia chai ya maziwa, maziwa yanakatika.

"Nyinyi kwenu Rabai," akaniuliza, "wazee hawana wiki yao ya siku nne?"

"Wanayo, Bi Mkubwa. Ya kuhesabia soko."

"Na ya siku saba mnayo?"

"Tunayo."

"Mwazichanganya?"

"Hatuzichanganyi."

"Basi mbona miezi umeichanganya, mwanangu?"

Alinyoosha mkono, nami nikafungua bunda kiunoni nikamwekea. Akilini nikamwona mama yangu akichinja yule kuku. Bi Mkubwa akaniambia mambo mawili. La kwanza, nichukue ndoo, niende nyumba kwa nyumba mtaa mzima, niombe maji ya mvua ya arusi, na kila mlango niseme kwa kinywa changu nilichofanya. La pili, funguo zitakaa kwake.

"Siku utakaponambia wewe kwamba mvua i karibu, na ikawa kweli, utazipata. Ukikosea, nitakupa nauli ya Rabai, na tutaagana kwa wema."

Nilipiga moyo konde nikatoka na ndoo. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Maalim, mzee wa chuo cha Kurani. "Hodi!" "Karibu, karibu." Nikaeleza. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Ya Rabbi! Wewe ndiye uliyeufanya Shaaban kuwa mwezi wa kilimo!" Lakini alinijazia ndoo mwenyewe, akaongeza, "Na ikija, usiiache mvua ya kwanza iingie birikani. Geuza mlizamu imwagike nje, ioshe paa kwanza. Ya pili ndiyo ya kunywa."

Mlango wa pili, mama mmoja mshona kofia alinipa ndoo na akaniambia kwamba magodoro ya sufi huanikwa kaskazi na si wakati mwingine, kwa sababu sufi ikinywa unyevu haiuachi. Mlango wa nne nikaambiwa kwamba chokaa la nje hupakwa kipupwe, wakati wa baridi baada ya masika, ili likauke taratibu na nyumba iwe nyeupe inapofika Siku ya Mwaka. Mlango wa saba nikafundishwa kuyachungulia masanduku ya nguo kila masika na kuweka karafuu kabla ukungu haujawahi. Kila nyumba ilinipa ndoo, kicheko na neno moja. Watoto walinifuata wakiimba, "Bi Shaaban huyo! Bi Shaaban!" Jina likanikaa. Mpaka leo ukiuliza sokoni Malindi habari za Kadzo, watakutazama tu. Uliza Bi Shaaban, utapelekwa mpaka mlango wa nyumba ile.

Jioni nilikuwa na ndoo za kutosha pilau, sharubati na chai ya wageni, na kichwa kimejaa elimu ambayo miaka saba sikuipata. Nilikuwa na aibu, ndiyo, lakini nawaambia kweli, nilikuwa na furaha pia. Kumbe mtaa mzima ulikuwa unajua kazi yangu, na hakuna aliyenificha!

Arusi ikafana. Kikombe kimoja tu kilipotea njia. Asubuhi ya kufungua kinywa, katika zile shughuli, bibi arusi mwenyewe alipewa chai iliyopikwa kwa maji ya kisima. Nilikuwa mlangoni nikaona yale maziwa yaliyokatika yanaelea. Rukia akanywa. Akaniangalia juu ya kikombe, akameza, akanywa tena mpaka mwisho, wala hakusema neno mbele ya wakwe zake. Nilikwenda stoo nikalia.

Baada ya hapo Bi Mkubwa alinifundisha hesabu ya wazee. Siku ya Mwaka, ile inayosherehekewa Pwani wakati wa kipupwe, ndiyo siku ya kwanza. Kuanzia hapo unahesabu kumi kumi, na kila kumi huitwa mwongo. Hesabu hii haikimbii na mwezi. Inalifuata jua, kama mvua inavyolifuata, na masika huanza karibu na mwongo wa ishirini na nne. Nilichora kwa mkaa nyuma ya mlango wa stoo, mstari kwa kila siku, nikianza pale tulipokuwa. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto niliongeza mmoja. Tulikunywa maji ya ndoo na kufulia ya kisima, mashuka yakawa magumu kama mbao, na hakuna aliyenilaumu kwa sauti.

Nilipofika mwongo wa ishirini na nne, nilitoka uani. Joto lilikuwa la kukaba koo. Upepo wa kaskazi ulikuwa umechoka, mara huku mara kule, na hali hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiiita maleleji. Mbingu ilikuwa tupu bado. Nikisema leo na isinyeshe, ndiyo nauli ya Rabai. Nikinyamaza na inyeshe, nimeshindwa pia.

"Bi Mkubwa," nikasema, "leo ni siku ya mia mbili thelathini na tano. Mvua i karibu. Naomba ruhusa nisafishe mlizamu."

"Umeona wingu?"

"Sikuona. Nimehesabu."

"Haya. Safisha."

Siku ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu niliacha kula. Siku ya tano alfajiri, niko nyuma ya mlango na mkaa mkononi, nikasikia tone juu ya bati. Moja. Kisha kama mtu amemwaga gunia la kunde juu ya paa! Nikakimbia nje nikageuza mlizamu, mvua ya kwanza ikamwagika nje kama alivyoniagiza Maalim, nikaiacha ioshe paa mpaka maji yakawa meupe, ndipo nikaigeuza ndani. Birika likaanza kunguruma. Nilipogeuka, Bi Mkubwa amesimama kwenye mlango wa uani na leso kichwani, na funguo zinalia mkononi mwake. Alinifunga kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, mvua inatupiga sote wawili.

Zile funguo sikuzivua tena mpaka nilipostaafu. Ratiba niliiandika upya, kwa mwandiko wa Meneja na hesabu ya Bi Mkubwa: makuti mwongo wa ishirini na moja, birika wa ishirini na tatu, mlizamu wa ishirini na nne, chokaa miongo ya mwisho ya mwaka. Nyumba tatu za mtaa ziliomba nakala. Bi Mkubwa alifariki, Mungu amrehemu, na nyumba ikawa ya Rukia.

Mwaka wangu wa mwisho jambo la ajabu likatokea. Shaaban, ambao miaka yote ulikuwa ukitangulia na kutangulia, ulikuwa umeuzunguka mwaka mzima ukarudi palepale nilipoukuta siku ya kwanza. Miaka thelathini na mitatu! Mwongo wa ishirini na tatu na mwezi wa Shaaban vikakutana birikani. Niliteremka kwa ngazi, magoti yakilalamika, nikasugua pembeni kwa mara ya mwisho.

Siku ya kuagana Rukia aliniandalia chai mbele ya majirani wote. Nikapiga funda moja. Chumvi tupu, na maziwa yamekatika!

"Hiyo ni ya arusi yangu, Dada Kadzo," akasema. "Nimekuwekea zamu yako."

Uani hapakukalika kwa vicheko. Nikainywa mpaka mwisho, nikamkabidhi funguo. Lakini wakati namfunga kiunoni akaninong'oneza, "Kumbe basi ni kweli, birika huoshwa Shaaban." Nikamtazama machoni kama anatania au vipi, nisijue. Niliondoka na wasiwasi huo. Nilijua mimi nilivyodanganyika kwa kuona mara mbili tu.

Sasa niko Rabai, nina tangi jeusi la plastiki na wajukuu wanaonikimbiza. Miaka minne imepita. Mwaka huu Shaaban ukaandama, nami nikakaa karibu na simu mwezi mzima, nikitaka kupiga na nikijizuia. Nilikuwa nimeshampa funguo. Shaaban ukaisha. Ramadhani ikaingia. Nikaendelea kuhesabu mistari yangu nyuma ya mlango wa huku, na asubuhi moja ya mwongo wa ishirini na tatu simu ikalia. Sauti ya Rukia ilikuja na mwangwi niliokuwa nikiujua vizuri.

"Dada Kadzo, shikamoo. Niko ndani ya birika. Nimefunga, koo limekauka, na majirani wamejipanga juu ukutani wananicheka. Wasema watu wote waliosha Shaaban."

"Marahaba, mwanangu. Nawe umewaambia nini?"

"Nimewaambia, Shaaban birika lilikuwa bado na maji."

Machozi yakanitoka na kicheko kikanitoka. Kisha nikavuta pumzi nikampigia kelele kwenye simu.

"Basi sugua pembeni! Uchafu hukaa pembeni!"